Kupona Baada ya Dawa, Kupona kwa Dawa

Katika lugha yetu, «alipona baada ya kupewa dawa» na «alipona kwa dawa» ni sentensi mbili zilizo mbali. Ya kwanza yaeleza mfuatano wa mambo. Ya pili yataja chanzo. Asomaye utafiti wa afya hana budi kuuliza kama watafiti wamepata haki ya kuitamka hiyo ya pili.

Mfano tunao nyumbani. Ebola iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 iliwapata watu 3470, ikaua 2287, kabla ya kutangazwa kuisha Juni 2020. Dawa iliyotumainiwa wakati ule iliitwa ZMapp. Sifa yake ilitokana hasa na jaribio la Afrika ya Magharibi: kati ya wagonjwa 35 waliotunzwa bila dawa hiyo walikufa 13, kati ya 36 waliopewa walikufa 8. Kwa macho, tofauti ni kubwa. Lakini kama watu watano tu zaidi wangalikufa upande wa dawa, tofauti ingalitoweka. Watafiti wenyewe walikiri kwamba hawakufikia kipimo walichokiweka kabla ya kuanza.

Novemba 2018 likaanza jaribio jingine, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, nalo likapewa jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Wagonjwa 681 waliandikishwa huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Dawa ya kila mmoja ilipatikana kwa kura. Wako wasomaji wanaoona kura hiyo kuwa ukatili. Mimi naiona kuwa ndiyo nguzo ya kazi nzima. Daktari akiachiwa kuchagua, huenda akampa dawa mpya yule anayemwona bado ana nguvu, na mwishowe tutakuwa tumepima jicho la daktari tukidhani tumepima dawa.

Siku ya 28 walikuwa wamekufa 49,7 kwa mia ya waliopewa ZMapp, 53,1 wa remdesivir, 35,1 wa MAb114 (iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995) na 33,5 wa REGN-EB3. Agosti 2019, kwa shauri la kamati ya wasimamizi, jaribio lilisimamishwa, zikabaki dawa mbili za mwisho.

Je, halikuwa na kasoro? Lilikuwa nazo. Hakuna aliyeachwa bila dawa, kwa hiyo halituambii ZMapp yenyewe ina faida gani. Madaktari walijua wanampa nani nini, jambo ambalo lingeharibu kabisa utafiti wa maumivu, ila kifo hakipimwi kwa maoni. REGN-EB3 iliingizwa baadaye, ikalinganishwa na wagonjwa wa ZMapp wa kipindi hichohicho tu. Wala asije mtu akatangaza mshindi kati ya 35,1 na 33,5. Jaribio halikuundwa kuzishindanisha hizo mbili.

Tena wastani huficha mengi. Kwa waliofika wakiwa na virusi vichache mwilini, dawa hizo mbili zilimpoteza mgonjwa mmoja hivi kati ya kumi. Kwa waliofika navyo vingi, walikufa zaidi ya sita kati ya kumi, kwa dawa zilezile.