Jam ya Kanairo Iko Ndani ya Simu

Ijumaa jioni mvua ikishuka tao, makanga anaanza kuitisha fea double kwa ruti yenye asubuhi ilikuwa soo. Wasee wanne wanachanga, wanaitisha gari na apu hadi Roysambu, na kila mtu anatoa doo inakaribia tu ile ya mathree. Nani atakataa?

Uber iliingia Nairobi 2015, Little ikafuata 2016, na siwezi laumu youth kwa kuzipenda. Unajua bei kabla uingie. Unaona jina ya dere na namba ya gari, unatumia beshte lokeshen. Dame anatoka job saa nne usiku anahitaji hiyo kabisa, juu mathree itamshusha steji haina taa na ako solo.

Lakini hizo gari zinatumaliza na jam. Dere akishusha mtu Westlands anazunguka bila abiria, akipata kazi anakimbia empty hadi kwako. Msee mmoja anasafiri, mafuta inachomwa kushinda ya safari yake. Na dere mwenyewe haomoki: sheria ya 2022 ilisema kampuni isimkate zaidi ya asilimia 18, na bado madere wamegoma mara mob juu ya bei ya chini.

Kitu inanipea moyo ni nduthi za stima. Uber iliziweka kwa apu yake hapa 2023. Stima ya Kenya mingi inatoka kwa mvuke ya Olkaria, maji na upepo, so betri ya nduthi hapa iko safi kuliko mahali wanachoma makaa. Betri ikiisha, dere anabadilisha chap chap anarudi kazi.

Sasa form poa ni hii: tao hadi steji ya mtaa panda basi, steji hadi keja ndio uitishe nduthi. Basi za stima za BasiGo ziko barabarani tangu 2022. Chenye inakosa ni njia. Thika Road serikali ilipaka mstari mwekundu 2018, ikasema leni ni ya basi za BRT, na hadi leo basi imebanwa hapo na Probox. Kaunti na serikali wafungue hiyo leni, waweke taa kwa steji, na fea ikae ile ile hata kunyeshe. Huyo dame wa saa nne usiku akipata hizo tatu, apu atabaki nayo ya ile kilomita ya mwisho tu.