Kamera Ndogo ya Filamu: Kuichagua na Kuitumia

Jioni hii twataka kusema nanyi juu ya kamera ndogo ya filamu, ile iingiayo mfukoni, ambayo mwenye nayo hana haja ya kupima mwanga wala umbali. Huielekeza, hubonyeza, basi. Vijana wengi waliokua wakipiga picha kwa simu ya mkononi wanazitafuta tena kamera hizi katika makabati ya wazee wao na katika maduka ya vitu vilivyokwisha kutumika. Twawasifu kwa hamu yao, lakini wako wanaopoteza fedha na picha kwa kudhani kwamba chombo kijifanyiacho kazi hakihitaji kujuliwa.

Asili yake si ya jana. Mwaka 1888 Bwana George Eastman wa Marekani alitoa kamera ya Kodak, iliyouzwa na filamu ya picha 100 ndani yake. Mwenyewe alipozimaliza aliirudisha kamera nzima kiwandani. Kamera ya kwanza iliyouzwa kwa watu wote na kujipimia umbali yenyewe ilikuwa Konica C35 AF, iliyotoka Japani mwaka 1977. Mwaka 1979 kampuni ya Canon ikatoa AF35M, iliyopima kwa mwali usioonekana kwa macho, na njia hiyo ikaenea katika kamera nyingi zilizofuata.

Hapo ndipo penye siri ya chombo hiki. Kamera hupeleka mwali katikati ya picha, huupokea unaporudi, kisha husogeza lenzi yake. Haijui kama kitu kilicho katikati ni uso wa bibi yako au ni ukuta. Fikirini maarusi wawili waliosimama pamoja, na baina ya vichwa vyao pana nafasi ya kiganja. Mpigaji huwaweka sawasawa, mmoja kulia na mmoja kushoto. Mwali hupita katika nafasi ile, na kamera hupima ukuta ulio nyuma. Ukuta hutoka wazi hata nyufa zake zikahesabika, na maarusi hutoka kama watu waliomo ndani ya moshi. Tena hajui mpaka filamu ioshwe, pengine baada ya majuma mawili, na wageni wamekwisha kwenda zao.

Dawa yake ni nyepesi. Elekezeni katikati ya kamera kwenye uso wa mmoja wao, mbonyeze kifungo nusu tu, mkishikilie hapo hapo. Kwa kidole kilivyo, geuzeni kamera mpaka wote wawili wamo, ndipo mmalize kubonyeza. Lijaribuni jambo hili nyumbani kabla ya kutia filamu, hata kidole kizoee. Na mtakapopiga picha ya milima kutoka ndani ya gari, jihadharini na kioo cha dirisha, maana mwali huweza kurudi kutoka kwenye kioo. Kamera nyingi zina alama ya mlima kwa kazi hiyo, ibonyezeni.

Mwanga nao una hila zake. Mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe akisimama mbele ya ukuta wa chokaa saa sita mchana, kamera huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso wake hupotea katika giza. Washeni fleshi, ndiyo, mchana kweupe, na msisimame mbali: kwa filamu ya ISO 100 fleshi ndogo hizi aghalabu hazifiki zaidi ya mita 3 au 4. Olympus mju II ya mwaka 1997, kamera nzuri yenye lenzi ya milimita 35, ina tabia ya kusahau: kila ikifungwa, fleshi hurudi katika hali ya kujiamulia yenyewe, hata mwenyewe lazima aiagize upya.

Katika kuchagua, sisi twapendelea lenzi isiyovuta. Lenzi ndogo ya kuvuta ikinyoshwa hupitisha mwanga kidogo, na mkono ukitikisika picha imeharibika. Filamu ya ISO 400 yafaa kwa kazi nyingi. Ya ISO 100 iachieni jua la pwani. Wala msifuate sifa. Contax T2 ya mwaka 1990 ni kamera bora, lakini bei yake imepanda kama ya johari, na ndani yake mna umeme uleule ambao ukifa ni taabu kumpata wa kuufufua.

Dukani fungueni mlango wa nyuma, mmulike lenzi kwa tochi. Mkiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu, maradhi ya kamera zilizolala penye unyevu, na huku pwani ni mengi, iacheni. Tazameni mahali pa betri kama pana kutu ya kijani. Tieni betri mpya, msikilize fleshi ikijaa, mpige mara kadhaa. Kisha filamu ya kwanza iwe ya majaribio, isiwe ya safari ya Makka wala ya mahafali ya mtoto.

Lakini kabla ya yote hayo ulizeni: ni nani atakayeiosha filamu, wapi, na kwa bei gani? Filamu iliyokwisha kupigwa msiiache ndani ya gari lililopo juani, na katika kiwanja cha ndege ombeni ikaguliwe kwa mkono. Mtakapoipeleka kwa fundi, mwambieni tangu mwanzo kwamba mnataka negativu zenu zirudi pamoja na picha, kwa kuwa wako wanaozitupa mara wakiisha kuzitia picha katika kompyuta.