Siku Tatu za Baba

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, humpa baba aliyeajiriwa likizo ya malipo isiyopungua siku 3, nazo sharti azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mama hupata siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2007 humpa baba wiki mbili.

Maana ya hesabu hii huonekana wodini. Mama aliyejifungua kwa upasuaji mara nyingi huruhusiwa siku ya tatu au ya nne. Mumewe basi humaliza likizo akipeleka uji na khanga hospitalini, kisha hurejea kazini siku ileile mkewe anapofika nyumbani na mshono mbichi, hawezi hata kunyanyua ndoo ya maji.

Hatari nayo haiishii getini. Damu nyingi, homa na kifafa cha mimba (ambacho, licha ya jina lake, huweza kutokea hata baada ya kujifungua) huvizia siku hizo za mwanzo. Mtoto akikataa kunyonya, akipumua haraka, akiwa wa moto au wa baridi kupita kawaida, apelekwe kituoni mara moja. Mama aliyekesha siku tatu si rahisi ayatambue haya peke yake. Hata machozi yake yahitaji mtazamaji: ya siku chache ni ya kawaida, yakizidi wiki mbili ni dalili ya sonona, nayo hutibika.

Wapo wasemao arobaini ina wenyewe, yaani bibi na mashangazi. Ni kweli, wanapokuwapo. Familia nyingi za mjini huishi chumba kimoja, na bibi yuko safari ya siku nzima kwa basi.

Dereva wa bodaboda, mchuuzi na mkulima hawana hata hizo siku 3, kwa kuwa hawana mwajiri. Kwao, kiliniki ndiyo ingefaa kuuliza mapema: wiki ya kwanza nani atakuwapo nyumbani? Na siku ya kuruhusiwa, muuguzi amsubiri baba badala ya kumweleza mama mwenye usingizi peke yake. Shirika la Afya Duniani hushauri mama na mtoto waonwe ndani ya saa 24, kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya 6. Tarehe hizo ziandikwe kwenye kadi wote wawili wakiziona.