Je, Wajua? Morani Hulia Siku ya Kupanda Hadhi

Je, wajua kwamba morani wa Kimaasai, ambaye alipotahiriwa hakuruhusiwa hata kupepesa jicho, hulia hadharani siku anayopandishwa hadhi? Sherehe hiyo ni eunoto, na vijana wa Malambo, wilayani Ngorongoro, wanaijua vizuri. Mama humkalisha mwanawe juu ya ngozi ya ng'ombe, akamnyoa zile nywele ndefu zilizosukwa na kupakwa udongo mwekundu. Akiinuka hapo njia ya kuoa na kuwa mzee wa boma iko wazi. Ndicho alichokingoja miaka yote. Lakini wengine hutetemeka na kupandisha mori hadi washikwe na wenzao. Si woga. Morani hanywi maziwa peke yake, hunywa na wa rika lake; wembe huo ndio unaoanza kuwatawanya.

Je, wajua kwamba matajiri nao walishaulizwa kuhusu furaha yao? Mwaka 1985 watafiti wa Marekani walichapisha majibu ya watu 49 waliotoka kwenye orodha ya jarida la Forbes. Kwa wastani waliridhika zaidi kidogo kuliko raia wa kawaida, ila 37 kati ya kila 100 walikuwa na furaha ndogo kuliko Mmarekani wa kati. Kwenye kipimo cha alama 7 walipata 5.8. Wamaasai walipopimwa baadaye walipata 5.7. Mali yote ile, tofauti ndiyo hiyo! Na kwa Mmaasai, mwenye zizi lililojaa ng'ombe lakini hana watoto hahesabiwi tajiri.

Je, wajua kwamba mshindi wa pili huwa na uso mzito kuliko wa tatu? Watafiti walitazama video za Olimpiki ya Barcelona ya 1992 wakaona hivyo: wa pili anawaza dhahabu iliyomponyoka, wa tatu anashukuru kupata chochote. Tanzania nayo ina wa pili wake: mkimbiaji Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, Tanzania ikasusia Olimpiki ya 1976, na Moscow 1980 akapata fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Asikudanganye mtu kwamba ni kidogo: fedha hiyo na ile ya Suleiman Nyambui ya mita 5,000, mwaka huohuo, ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania ilikuwa nazo hadi Paris 2024 inamalizika.