Mama Mzazi Asisahaulike: Huduma Baada ya Kujifungua ni Wajibu Wetu Sote

Mtoto anapozaliwa, familia nzima hushangilia. Majirani na wanajumuiya hufika na kanga, sabuni na unga wa uji, na wengi wao humwelekea mtoto na kuuliza amefanana na nani. Ni wachache wanaomuuliza mama kama amepata usingizi, amekula nini, au kama bado anatokwa damu nyingi. Ilhali vifo vingi vya uzazi hutokea baada ya kujifungua, na kutokwa damu nyingi ndiko kunakoongoza duniani miongoni mwa sababu za vifo hivyo.

Maisha ya Mtakatifu Gianna Beretta Molla, daktari wa watoto nchini Italia, yanatukumbusha ukweli huu. Alijifungua binti tarehe 21 Aprili 1962, akafariki dunia wiki moja baadaye kutokana na maambukizi ya tumboni. Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mtakatifu tarehe 16 Mei 2004. Ikiwa maambukizi yalimwondoa hata mwanamke aliyekuwa daktari, mama yeyote asiambiwe kwamba homa baada ya uzazi ni jambo la kuvumilia tu.

Ratiba ya huduma

Mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mama aliyejifungua salama abaki kituoni angalau saa 24. Baada ya hapo yeye na mtoto waonwe tena walau mara tatu: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Akijifungulia nyumbani, aonwe mapema iwezekanavyo ndani ya saa 24 za kwanza.

Mama apelekwe kituoni bila kukawia akiwa na dalili hizi: damu nyingi, homa, uchafu ukeni wenye harufu mbaya, kidonda cha upasuaji kinachotoa usaha, maumivu makali ya kichwa, kuona maluweluwe, degedege au kushindwa kupumua vizuri. Kifafa cha mimba chaweza kutokea hata baada ya mtoto kuzaliwa.

Majeraha ya moyoni

Mama wengi hulialia katika siku za kwanza, kisha hali hiyo hupita. Huzuni ikizidi wiki mbili, au mama akikosa hamu ya kula na ya kumshika mtoto, huenda ana sonona. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, takriban asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua duniani hupatwa na matatizo ya afya ya akili, hasa sonona. Huo ni ugonjwa unaotibika. Si uvivu, wala si upungufu wa imani. Mama akitamka kwamba anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake, bali apelekwe hospitali mara moja.

Mila, sheria na imani

Mila ya siku arobaini ina hekima yake: humpa mzazi pumziko, chakula na mikono ya kumsaidia. Lakini isigeuzwe kuwa kizuizi cha kwenda kliniki, wala kisingizio cha kukanda kwa maji ya moto kidonda cha upasuaji. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama likizo ya siku 84, au 100 akizaa watoto zaidi ya mmoja, na baba angalau siku tatu. Siku hizo tatu ni za baba kuwa nyumbani akihudumu, si za kupokea pongezi tu.

Kanisa nalo lina ibada ya kumbariki mama baada ya kujifungua, hasa kwa yule asiyeweza kuhudhuria ubatizo wa mwanawe. Ni shukrani kwa zawadi ya uhai, wala si kumtakasa kana kwamba uzazi ni doa.

Mwinjili Luka anasimulia kwamba Bikira Maria alikaa kwa Elizabeti yapata miezi mitatu. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na akina mama wa WAWATA waige mfano huo: wapangane zamu za kupika, kuchota maji, kufua na kumsindikiza mzazi kliniki. Nasi tunapobisha hodi kumpongeza, swali letu la kwanza na liwe: "Mama, wewe mwenyewe u hali gani?" Kisha tukae, tumsikilize.