Kiungulia na Usagaji wa Chakula (2): Saa ya Kula na Namna ya Kulala

Mtu akishikwa na kiungulia, swali lake la kwanza huwa "Ninywe nini?" Mmoja humtajia maziwa, mwingine magadi, mwingine siki ya tufaha aliyoisikia ikinadiwa ndani ya basi. Ni nadra aulizwe alikula saa ngapi na akalala saa ngapi, ilhali sehemu kubwa ya jibu iko hapo.

Katika sehemu ya kwanza tuliona kwamba tumbo la mtu mzima hutoa karibu lita moja na nusu hadi mbili za majimaji yenye asidi kila siku. Asidi hiyo tunaihitaji. Huua vijidudu vingi vinavyoingia na chakula, na bila hiyo kimeng'enya cha pepsini hakiwezi kuvunja protini. Tumbo lenyewe limekingwa na utando mzito wa ute. Umio, yaani njia ya kupitisha chakula kutoka kooni, hauna kinga ya namna hiyo. Kati ya viwili hivyo kuna msuli wa mviringo unaobana kama mdomo wa gunia lililokazwa kamba, nao husaidiwa na kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Wengi wenye kiungulia hawana asidi iliyozidi. Wana asidi ya kawaida iliyopanda pasipo mahali pake, ama kwa kuwa msuli umelegea wakati usiofaa, ama kwa kuwa tumbo limesukumwa kutoka chini. Ndiyo maana tiba za asili zenye ushahidi mzuri zaidi hazinywewi.

Tuanze na saa. Mlo wa kawaida huchukua saa kadhaa kutoka tumboni, na mlo wenye mafuta mengi huchukua zaidi. Mkazi wa Dar es Salaam au Nairobi anayetoka kazini jioni na kukwama kwenye foleni hufika nyumbani saa mbili usiku, hula mlo wake mkubwa wa siku saa tatu, na saa nne yuko kitandani. Kama njiani alinunua chipsi mayai na soda, amelala na tumbo lililojaa mafuta na gesi, juu yake pakiwa na msuli ambao mafuta yenyewe huulegeza. Ushauri wa madaktari ni kwamba pawe na muda wa saa tatu kati ya mlo wa mwisho na kulala. Asiyeweza kuupata kwa sababu ya kazi ahamishie uzito wa mlo mchana, usiku ale kidogo: ndizi za kuchemsha, samaki wa mchuzi mwepesi, uji. Kuliko kushindilia sahani moja, ni heri kuigawa mara mbili.

Mwezi wa Ramadhani huonyesha jambo hili waziwazi. Wengi hulaumu saumu, wakisema tumbo tupu ndilo linalowaka. Lakini tazama usiku wenyewe ulivyopangwa: futari ya sambusa, kachori na bajia za kukaangwa, muhogo wa nazi juu yake, kisha daku nzito kabla ya alfajiri, na baada ya sala mtu anarudi kulala. Daku na usingizi unaoifuata mara moja ndiyo mambo ya kuangaliwa kwanza. Anayefungua kwa maji na tende, akaswali, kisha akala kwa kiasi, na akafanya daku kuwa chakula chepesi, mara nyingi hupata nafuu bila dawa yoyote. Mwenye vidonda vya tumbo au maradhi mengine sugu, bila shaka, atamwona daktari kabla mwezi haujaandama.

Sasa kitanda. Watu huongeza mto wa pili na wa tatu, na ni kosa la kueleweka: mito humkunja mtu kiunoni, tumbo likabanwa, asidi ikapata msukumo zaidi. Kinachofaa ni kuinua kitanda chenyewe upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20, kwa vipande vya mbao au matofali yaliyowekwa imara chini ya miguu miwili, ili kiwiliwili chote kiteremke. Anayelala chini aweke kitu kigumu chenye mteremko chini ya godoro, kuanzia kiunoni kwenda juu. Gharama yake ni ndogo kuliko chupa moja ya zile dawa za kunadiwa, na pengine ndiyo sababu hakuna anayeinadi.

Kulala ubavu wa kushoto nako kuna maana. Tumbo limejipinda upande wa kushoto wa mwili, hivyo mtu akilalia ubavu huo, asidi hutuama chini ya mlango wa umio. Akigeukia kulia, mlango huo huwa chini na asidi juu yake. Watafiti waliopima asidi ndani ya umio usiku wameiona tofauti hiyo. Mama mjamzito anapaswa kulizingatia zaidi, kwa kuwa homoni ya projesteroni hulegeza ule msuli, na mtoto anavyokua hulisukuma tumbo juu.

Msukumo huo wa kutoka chini una vyanzo vingine. Kitambi ndicho kikubwa. Kupunguza uzito kumethibitishwa kupunguza kiungulia kwa walionenepa. Mkanda uliokazwa hadi tundu la mwisho, au khanga iliyofungwa kwa nguvu tumboni, hufanya kazi ileile kwa kiasi chake. Kuna pia kujikamua chooni kwa mwenye choo kigumu, na hapa historia inatuleta hapahapa Afrika Mashariki.

Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alifika Uganda mwaka 1946, akaanzia Lira na baadaye akafanya kazi Mulago, Kampala. Dunia inamjua kwa saratani ya watoto inayobeba jina lake, aliyoieleza mwaka 1958. Mimi humkumbuka zaidi kwa hoja nyingine, aliyoijenga pamoja na Hugh Trowell, daktari mwenzake aliyeishi Kenya na Uganda miaka mingi. Waliona kwamba maradhi kadhaa yaliyojaa katika hospitali za Ulaya yalikuwa adimu kwa wanavijiji wa Afrika waliokula vyakula visivyokobolewa. Burkitt alitaja miongoni mwake henia ya kiwambo, hali ambayo sehemu ya juu ya tumbo hupenya kwenda kifuani na kuufanya mlango wa umio usibane vizuri. Alidai kuwa kujikamua kwa miaka mingi kwa sababu ya chakula kisicho na nyuzinyuzi ndiko kunakolisukuma tumbo juu. Sehemu hiyo ya hoja yake haijathibitishwa kikamilifu, na lazima tukumbuke kwamba nyakati zile vipimo vilikuwa vichache vijijini, hivyo uadimu mwingine huenda ulikuwa wa kutopimwa tu. Lakini majaribio machache yaliyofanywa tangu hapo yanaonyesha kwamba kuongeza nyuzinyuzi kunapunguza kiungulia kwa baadhi ya watu, na faida yake kwa choo haina ubishi.

Kinachonisikitisha ni kwamba chakula alichokisifu Burkitt ndicho tunachokikimbia. Dona imeachiwa maskini na sembe nyeupe ndiyo ya wageni. Rudisha dona mezani, pamoja na kunde, maharage, kisamvu, mchicha na matunda yenye makapi yake, ila kwa kuongeza polepole na kunywa maji ya kutosha. Anayezidisha kwa siku moja atajaa gesi na kuapa kwamba nyuzinyuzi zilimdhuru.

Kuhusu vya kunywa, nitakuwa mfupi. Maziwa hupooza kwa muda, kisha protini na kalisi zilizomo huchochea tumbo kutoa asidi nyingine. Bikaboneti ya sodiamu huzima asidi kweli, na kwa mara moja moja si neno, ila huzaa gesi, na chumvi yake haimfai mwenye shinikizo la damu. Magadi ya mawe yanayotoka maeneo ya Ziwa Natron na Ziwa Magadi yasinywewe kabisa kama dawa, kwa kuwa huwa na floridi nyingi inayoharibu meno na mifupa. Tangawizi husaidia kichefuchefu na huharakisha tumbo kujimwaga. Kikombe chepesi kinafaa, kikikolea sana chenyewe huunguza. Mnanaa, ambao wengi huunywa kwa ajili ya gesi, hulegeza ule msuli, kwa hiyo mwenye kiungulia auache. Siki ya tufaha haina ushahidi wa maana. Udongo wa kula, maarufu kwa jina la pemba, hukamata madini ya chuma tumboni na unaweza kuwa na risasi au mayai ya minyoo. Mama mjamzito anayeutafuna mara nyingi apimwe damu. Kahawa, nyanya na pilipili hutofautiana kati ya mtu na mtu: acha kimoja kwa wiki mbili, ukirudishe, kisha uamue mwenyewe. Sigara na pombe hazina haja ya jaribio.

Angalia pia dawa ulizonazo nyumbani. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hukwaruza tumbo. Doksisaiklini ikimezwa bila maji ya kutosha na mtu akalala huchoma umio. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu hulegeza msuli. Mwenye mashaka amuulize daktari, asijiachishe. Vivyo hivyo anayetumia omeprazoli kwa muda mrefu asiikate ghafla, kwa maana asidi hurudi kwa wingi kuliko mwanzo.

Yote haya ni kwa kiungulia cha kawaida. Kuna ukanda wa Afrika, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, ambako saratani ya umio imeenea kuliko kwingineko barani. Sehemu kubwa ya saratani hiyo haitokani na kiungulia. Miongoni mwa vinavyoshukiwa ni vinywaji vya moto sana. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi joto 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Basi iache chai ipoe kidogo. Wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, baada ya miezi ya kujitibu.

Ukiona chakula kinakwama unapomeza, unakonda bila sababu, unatapika damu au unapata choo cheusi kama lami, achana na tangawizi na matofali ya kitanda. Nenda hospitali yenye kipimo cha endoskopi, kama Muhimbili, KCMC, Bugando, Kenyatta au Tenwek kule Bomet. Na maumivu ya kifua yanayoenea begani au mkononi pamoja na jasho ni ya kukimbizwa hospitali saa ileile, kwa kuwa huenda ni moyo.

Juma lijalo: vidonda vya tumbo na bakteria Helicobacter pylori.