Uhunzi wa Kwetu Mamba

Wenzangu wengi hudhani kwamba visu vyote hutoka madukani mjini Moshi. Napenda kuwaelezeni habari za uhunzi wa Mamba, karibu na Marangu, ambako watoto huirithi kazi hii kwa baba zao.

Zamani chuma kilitoka Ugweno, katika milima ya Upare. Huko watu wa ukoo wa Washana walisifika kwa kukiyeyusha. Wahunzi wa Kichaga walikinunua, wakafua majembe, visu, na mikuki ambayo hata Wamasai waliitaka. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilileta nyaya nene za chuma, nazo zikafuliwa pia. Mwaka 1911 reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi, na vyombo vya Ulaya vikaja kwa wingi. Hata hivyo wahunzi hawakuzima moto. Siku hizi wanafua springi za magari makuukuu, maana chuma chake ni kizuri kwa visu na miundu.

Babu yangu ni mhunzi. Likizo iliyopita aliniweka kwenye mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Kwa kiburi cha Kidato cha Tatu nilimwambia kwamba habari za chuma nimekwisha zisoma katika kemia. Akanipa kisu nikikamilishe. Nilikichoma mpaka kikakaribia kuwa cheupe, nikakitosa katika maji baridi. Kilipoanguka juu ya jiwe kilivunjika vipande viwili kama kigae.

Babu hakunicheka. Alinieleza kwamba chuma kiwe chekundu tu, ndipo kichovywe. Hapo huwa kigumu sana, lakini huvunjika upesi. Basi husuguliwa mpaka king'ae, kisha hupashwa tena polepole huku rangi yake ikitazamwa. Kwanza huja rangi ya majani makavu, halafu kahawia, halafu zambarau, na mwisho buluu. Kisu huondolewa motoni kikiwa kahawia. Kikifika buluu kimelainika mno, hakishiki makali. Nilipofungua kitabu changu niliona kwamba ile rangi ya majani makavu ni kama nyuzi 230 za Sentigredi, na buluu ni karibu 300. Babu hana kipimajoto.

"Kipimajoto changu ni macho haya," aliniambia, "nayo yanafifia."

Wanawe wote wamekwenda kufanya kazi za ofisini. Katika wajukuu hakuna azijuaye rangi zile. Chuma kilipobadilika, wahunzi walitafuta kingine. Lakini jicho la mhunzi haliuzwi dukani. Vile vipande viwili nimeviweka sandukuni mwangu hapa bwenini. Shule ikifungwa nitarudi kwenye mivukuto, na safari hii nitanyamaza nitazame.

Mwanafunzi wa Kidato cha III